Nani Alifika wa Kwanza? Hadithi za Asili na Siasa ya Kufukuza Wengine

Kila kabila liko na hadithi ya mahali lilipotoka. Mtoto anaisikia jikoni kwa bibi yake, ao kwenye kyaghanda pale wazee wanapokaa jioni, na kisha anaibeba maisha yake yote. Ni kitu kizuri. Mtu asiyejua kwao ni sawa na jani lililoanguka mtoni, maji yanalipeleka popote. Kwa hiyo shirika la utamaduni kama hili letu lisione haya hata kidogo kufundisha vijana historia ya Bayira, majina ya koo zao, na njia waliyopita babu zetu.

Lakini kuna swali moja ambalo mara nyingi tunalizunguka bila kuligusa, nalo ndilo tunataka kuliweka mezani katika kurasa hizi: hadithi ya asili inageuka sumu wakati gani? Namna gani hadithi ile ile inayomfanya mtoto mmoja ampende babu yake inamfanya kijana mwingine achukue panga na kumfuata jirani?

Huko Ulaya, siasa inayokula hadithi za namna hiyo wanaiita siasa ya mrengo wa kulia uliokithiri. Kwetu hatutumii jina hilo, kwani vyama vyetu havigawanyiki kati ya kulia na kushoto. Tunasema tu “ukabila”, ao tunasema “politike” na kunyamaza. Lakini ukiangalia mafundisho yenyewe, ni yale yale. La kwanza: inchi ni mali ya damu moja. La pili: zamani tulikuwa wakubwa, tena safi, na kuna watu waliokuja kutuharibu. La tatu: mambo yote yatatengenezeka siku wale watu watakapoondoka. Hadithi ya zamani ndiyo inayopatia mafundisho haya nguvu, kwa sababu mwanasiasa peke yake hawezi kuaminiwa sana, lakini babu akisemeshwa, kila mtu anainamisha kichwa.

Hadithi yetu wenyewe

Tuanzie nyumbani, kwani mtu anayetaka kupima hadithi za wengine apime kwanza ya kwake.

Wazee wetu wanasema ya kwamba tulitoka upande wa Kitara, kule Bunyoro, ambako leo ni Uganda. Tulikuja kwa vikundi, koo kwa koo, tukapita penye milima ya Rwenzori, tukavuka Semuliki. Wengine walibaki upande ule wa milima, nao ndio ndugu zetu Bakonzo. Wengine walipanda huku, wakafyeka msitu, wakalima, na kwa muda mrefu zikatokea Bashu, Baswagha, Batangi, Bamate na wengine. Kinande na Lukonzo ni lugha moja. Mtu wa Kasese akifika soko la Butembo hahitaji mkalimani.

Hadithi hiyo iko na nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema: tulifika, tulifyeka, hii ni inchi yetu. Nusu ya pili inasema: tulitoka mahali, na tulipofika tuliwakuta watu. Tuliwakuta Bambuti. Upande wa Beni tuliwakuta Bambuba. Msituni, upande wa magharibi wa Lubero, kuna Bapere. Randall Packard, Mmarekani aliyetoa kitabu juu ya Bashu mwaka wa 1981, alionyesha ya kwamba hata Bashu hawakuwa watu wa damu moja tangu mwanzo: walifanyika na vikundi vilivyotoka pande mbalimbali, vikakutana, vikaoana, vikapata desturi za pamoja juu ya mvua na ardhi.

Na desturi yetu ya ardhi inashuhudia jambo hilo hilo. Tunajua wote muhako ni nini: mbuzi, kuku, ao sehemu ya mavuno ambayo mtu anampelekea mwenye ardhi kusudi aendelee kulima. Siku hizi muhako umeleta kelele nyingi na wengine wameugeuza kuwa kodi ya kunyonya watu, hilo ni kweli. Lakini tuangalie ulikuwa na maana gani. Maana yake ni kwamba sheria ya wazee ilijua mapema ya kwamba mtu mwingine atafika. Isingekuwa hivyo, ingehitaji muhako wa nini? Ilimpatia yule aliyefika njia ya kuingia: omba, toa kitu, heshimu wenyeji, kisha lima, zaa, na watoto wako watakuwa watu wa hapa. Ndiyo sababu wazee wa Kiswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ni kazi, na pia ni nafasi ya kukaa.

Sasa siasa ya kufukuza inafanya nini? Mara nyingi haiongezi uongo mkubwa katika hadithi. Inakata tu nusu ya pili. Inabakiza “tulifika, ni yetu”, na inatupa “tulitoka, tukapokelewa”. Mtoto aliyesikia nusu moja tu anakua akifikiri ya kwamba babu yake aliota hapa kama muhogo. Na mtu anayefikiri hivyo, yeyote aliyefika nyuma yake anamuona mwizi.

Namna hadithi inavyokatwa

Wengi wanadhani ugonjwa huu ni wa Waafrika. Siyo hivyo. Tuchukue mifano miwili ya Ulaya, kisha turudi kwetu.

Mwaka wa 1389 jeshi la Waserbia lilipigana na Waturuki kwenye uwanda wa Kosovo. Kwa miaka mia kadhaa Waserbia waliimba juu ya vita hiyo, na nyimbo zao zilikuwa za huzuni na za imani. Tarehe 28 mwezi wa sita 1989, miaka 600 baadaye, Slobodan Milošević alisimama pale pale mbele ya umati mkubwa sana, na ile huzuni ya zamani akaigeuza kuwa mtaji wa politike. Yugoslavia ilipasuka, na vita ikaingia Bosnia. Mwezi wa saba 1995, mjini Srebrenica, wanaume na vijana Waislamu karibu 8.000 waliuawa. Jenerali Ratko Mladić, alipoingia mji ule, alisema mbele ya kamera ya kwamba saa ya kulipiza kisasi juu ya “Waturuki” imefika. Lakini wale hawakuwa Waturuki. Walikuwa majirani, wanasema lugha moja na yeye, wamesoma shule moja na wale waliowaua. Deni la mwaka wa 1389 lililipishwa watu ambao hawakukopa.

Huko Ufaransa, Jean-Marie Le Pen, ambaye chama chake kilianzishwa mwaka wa 1972, alizoea kupeleka watu wake kila tarehe moja mwezi wa tano mbele ya sanamu ya Jeanne d'Arc, yule msichana aliyechomwa moto mwaka wa 1431. Jeanne alipigana na Waingereza. Lakini Le Pen hakuwa na neno na Waingereza. Aliwasemea Waarabu na Waafrika waliokuja kufanya kazi viwandani. Jina la adui lilibadilishwa, hadithi ikabaki.

Tukiweka mifano hii pamoja tunaona kazi inafanyika kwa hatua tatu. Kwanza wanachagua tarehe, na tarehe hiyo inakuwa mwanzo wa dunia. Yaliyopita mbele yake hayahesabiwi. Pili wanachagua kidonda, na kidonda cha kweli, kwani cha uongo hakiumi vya kutosha. Tatu wanachukua jina la yule aliyeumiza zamani na kulibandika juu ya mtu wa karibu, ambaye nyumba yake inafikika kwa miguu.

Hadithi iliyoletwa na mzungu

Katika maeneo yetu ya Maziwa Makubwa kuna hadithi moja iliyoua kuliko zote, na haikutoka kwa wazee wetu. Mwaka wa 1863 John Hanning Speke, Mwingereza aliyetafuta chanzo cha Nile, aliandika ya kwamba wafalme aliowakuta huku hawawezi kuwa weusi kama wengine. Lazima ni watu wa asili nyingine, waliotoka Abisinia, wakatawala kwa sababu ya damu yao. Ndivyo ilivyozaliwa hadithi ya Wahamiti na Wabantu. Mamisionari wakaifundisha shuleni. Wabelgiji kule Rwanda wakaiandika ndani ya vitambulisho katika miaka ya 1930, na wakaitumia kuwapendelea Watutsi.

Kisha mambo yakageuka. Hadithi iliyomtukuza Mtutsi kama mtawala wa kuzaliwa ndiyo iliyotumika kumfukuza kama mgeni wa kuzaliwa. Tarehe 22 mwezi wa 11 mwaka 1992, kule Kabaya, Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wake ya kwamba kwao na Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watawarudisha kwa njia ya mto Nyabarongo. Katika mwaka wa 1994 mto ule ulibeba maiti kweli. Kwa miezi mitatu tu watu laki nyingi waliuawa, Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Hotuba ile ilisimama juu ya ukurasa wa msafiri mmoja Mwingereza, na waliouawa walikuwa wamezaliwa palepale, na baba zao palepale.

Tunasema haya kwa wasomaji wa Vulamba kwa sababu hadithi ya Wahamiti haikubakia Rwanda. Ilivuka mpaka. Leo pia unasikia ndani ya taksi, kwenye ligabo, hata kanisani, mtu aliyesoma anakuelezea “ufalme wa Hima-Tutsi” unaotaka kumeza Afrika ya kati yote, na “sisi Wabantu” tunaopaswa kuamka. Anafikiri anasema maneno ya mababu. Kumbe anarudilia Speke, ameongeza woga tu juu yake.

Mwaka wa 1885

Hapa Kongo, tarehe iliyochaguliwa kuwa mwanzo wa dunia ni 1885. Tuone ilivyofika.

Kuna watu wa Kinyarwanda waliokuwa Bwisha, katika Rutshuru, mbele Wazungu hawajachora mpaka wowote. Kuna wengine walioletwa na Wabelgiji kuanzia mwaka wa 1937 hadi 1955, makumi ya maelfu ya watu, kwenda kufanya kazi na kukaa Masisi, kwenye ardhi ya Bahunde. Kuna waliokimbia Rwanda kuanzia 1959. Na kuna wale wa 1994. Hizi ni historia nne, siyo moja. Ule wa 1937 hakuomba kuja, alipakiwa. Na Muhunde aliyeona vilima vyake vinagawiwa na mkoloni bila yeye kuwa na nguvu ya kukataa, kidonda chake ni cha kweli pia. Tusimcheke.

Mwaka wa 1972 sheria ya Mobutu iliwapatia uraia watu wa Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu mbele ya 1950. Mwaka wa 1981 sheria nyingine ikaufuta, ikataka mtu aonyeshe ya kwamba babu yake alikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya Kongo mwaka wa 1885. Ndani ya miaka tisa, mtu yule yule, bila kuhama nyumba yake, alikuwa raia na kisha akawa mgeni. Katika Mkutano Mkuu wa Kitaifa wa 1991 na 1992 wajumbe wa Banyarwanda wa Kivu ya Kaskazini walikataliwa. Tarehe 20 mwezi wa tatu 1993 watu waliuawa ndani ya soko la Ntoto, huko Walikale, na vita ikaenea Masisi yote. Maelfu walikufa, wa kila upande, na zaidi ya laki mbili walikimbia. Tarehe 28 mwezi wa nne 1995 bunge la mpito la Kinshasa liliamua wakimbizi na “wahamiaji” wote warudishwe, bila kupambanua aliyefika jana na aliyezaliwa hapa.

Sasa tuulize: 1885 ni mwaka gani? Ni mwaka ambao Wazungu walimaliza mkutano wao wa Berlin. Hakuna babu yetu hata mmoja aliyeitwa. Mpaka wenyewe wa upande huu ulikubaliwa kati ya Wabelgiji, Waingereza na Wadachi katika mwaka wa 1910, na ndio uliotukata sisi na Bakonzo vipande viwili. Kwa hiyo tunakataa ukoloni mchana, na usiku tunauomba karatasi yake itusaidie kujua nani ni ndugu. Hilo ni ajabu, na linapaswa kumsumbua kila mtu anayejiita mzalendo.

Sheria ya tarehe 12 mwezi wa 11 mwaka 2004 ilisogeza tarehe hadi uhuru, yaani 1960. Lakini tamaa ya kupima damu haikuisha. Mwaka wa 2021 ulipelekwa bungeni mswada uliotokana na mawazo ya Noël Tshiani, wa kufunga uraisi kwa mtu ambaye baba na mama wote wawili ni Wakongomani. Wengi walijua unamlenga Moïse Katumbi, mwenye baba Mgiriki. Haukupita mbele ya uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2023. Wengine barani walipita njia hiyo kabla yetu. Côte d'Ivoire walitumia neno “ivoirité” katika miaka ya 1990, wakamfungia Alassane Ouattara mlango, na kuanzia mwaka wa 2002 inchi ikakatika katikati kwa vita. Zambia, mwaka wa 1999, mahakama ya Ndola ilisema Kenneth Kaunda hana uraia, juu wazazi wake walitoka Malawi. Mtu aliyeongoza inchi kwa miaka 27! Ukianza kuchimba asili ya watu, shimo halina mwisho.

Ngambo ya pili nako wanafanya hivyo

Haki inataka tuseme upande wa pili pia. Mwezi wa kumi 1996 Pasteur Bizimungu, raisi wa Rwanda wa wakati ule, alionyesha karte ya Rwanda ya zamani iliyoingia ndani ya Kongo, akadai Berlin ya pili. Mwezi wa nne 2023, kule Cotonou, Paul Kagame naye alirudilia neno la mipaka ya ukoloni iliyoacha sehemu ya Rwanda inje. Hiyo ni hadithi ya ukubwa wa zamani, sawa na ile ya Kosovo. Mwami Rwabugiri alipigana vita sehemu nyingi, ni kweli. Lakini kama mahali popote ambapo mfalme fulani alipita na askari ni mali ya wajukuu wake, hakuna inchi itakayolala usingizi.

Na angalia namna hadithi hizi mbili zinavyolishana. Mwaka wa 1996 wakubwa wa Kivu ya Kusini walipowaambia Banyamulenge waondoke, Rwanda ilipata neno la kuingilia: “tunakwenda kuokoa ndugu zetu.” M23, waliotokea 2012, wakarudi mwisho wa 2021, wakachukua Kanyabayonga katika mwezi wa sita 2024 na Goma katika mwezi wa kwanza 2025, wanasema neno hilo hilo, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeonyesha askari wa Rwanda wako pamoja nao. Mwezi wa 11 mwaka 2023, Goma, askari wa jeshi letu wenyewe, Munyamulenge, aliuawa kwa mawe na kuchomwa moto na umati. Alikuwa anatumikia Kongo. Ni nani aliyefaidika na kifo chake? Siyo Kongo. Kila picha ya namna hiyo inamwandikia adui barua ya ruhusa.

“Mnataka tusahau?”

Hapa msomaji wa Beni atatukatiza, na ako na haki. Atasema: “Ninyi munatuhubiria upendo, na sisi tunazika watu kila siku.” Tangu mwezi wa kumi 2014 ADF na wenzao wamechinja maelfu ya raia, kuanzia Eringeti, Oicha, Mbau, mpaka milima ya Rwenzori na ndani ya Lubero. Tarehe 7 mwezi wa kwanza 2016, kule Miriki, FDLR waliua watu wetu zaidi ya 10 usiku mmoja. Wanaokimbia M23 wamejaa ndani ya nyumba zetu. Hivyo je, tusahau?

Hapana. Kusahau siyo dawa, na mtu anayeomba wafu wasahauliwe huyo hatumfuati. Tunasema kitu kingine: kuna kumbukumbu inayotoa ushahidi, na kuna kumbukumbu inayodai mtu. Ya kwanza inasema nani aliuawa, wapi, siku gani, na nani aliyefanya, jina lake. Inataka tribinali. Ya pili haitaki majina, inataka kabila. Ya kwanza inamtisha muuaji. Ya pili inamfurahisha, kwa sababu inamficha ndani ya kundi.

Yaliyotokea Beni yanaonyesha hilo wazi. Mwisho wa mwezi wa kumi 2014, katika mji wa Beni, umati ulimpiga kijana mmoja mawe mpaka akafa, ukamchoma. Habari zilizotangazwa wakati ule zilisema alishukiwa kuwa mwasi kwa sababu Kiswahili chake hakikuwa cha hapa. Kiswahili kikawa mizani ya kufa na kupona! Na bado watu waliendelea kuchinjwa. Baadaye Groupe d'étude sur le Congo ilitoa uchunguzi wake, mwaka 2016 na 2017, ikaonyesha ya kwamba ndani ya mauaji ya Beni hakuwamo ADF peke yake. Walikuwamo pia vikundi vya hapa hapa na askari wengine wa jeshi. Maana yake nini? Maana yake wakati sisi tulikuwa tunasikiliza namna mtu anavyotamka maneno, wauaji wengine walikuwa wanatusalimia kwa lugha yetu.

Na kule kusini ya Lubero, tarehe 27 mwezi wa 11 mwaka huo huo wa 2016, vijana wenye silaha waliosema wanatulinda sisi waliingia Luhanga na kuua zaidi ya watu 30, Wahutu waliokuwa wamekimbilia kambini. Miriki ilikuwa kidonda cha kweli. Lakini waliokufa Luhanga siyo waliochinja Miriki. Ni hatua ya tatu ile ile tuliyoieleza: jina la muuaji limebandikwa juu ya mtu ambaye nyumba yake inafikika kwa miguu.

Tukumbuke pia ya kwamba sisi wenyewe tumepimwa kwa mizani hiyo. Bakonzo walidharauliwa ndani ya Toro kwa miaka mingi mpaka Isaya Mukirania akasimamisha Rwenzururu katika mwaka wa 1962. Serikali ya Uganda ilikubali ufalme ule mwaka wa 2009. Lakini mwezi wa 11 mwaka 2016 jumba la mfalme kule Kasese lilishambuliwa na zaidi ya watu 100 wakafa, na neno lililotumika lilikuwa kwamba Bayira wa pande zote mbili wanataka kujijengea inchi yao. Hadithi yetu ya ukoo mmoja, ambayo kwetu ni wimbo tu wa ndugu waliotengana, kwa wengine iligeuka ushahidi wa uasi. Mtu aliyepita ndani ya moto huo hapaswi kuuwashia mwingine.

Tufundishe nini?

Haya siyo mambo ya serikali peke yake. Mengi yako mikononi mwa wazazi, walimu, wahubiri, na mashirika kama hili.

Kwanza, tuwafundishe watoto nusu zote mbili. Tunapowaambia ya kwamba tulivuka Semuliki, tuwaambie pia tuliwakuta nani, na Bambuti na Bambuba wawe na majina na sura ndani ya hadithi yetu, siyo vivuli vya msituni. Mtoto hatapungukiwa na fahari kwa kujua ya kwamba babu yake aliwahi kuwa mgeni. Atapata akili.

Pili, turudishe desturi ya kyaghanda, ambapo hakuna neno linalokatwa kabla pande mbili hazijasikilizwa. Leo neno linakatwa ndani ya telefone, sauti moja inatumwa usiku, asubuhi vijana wameweka vizuizi barabarani. Wazee wetu hawakuwa malaika, walipigana na walichukuliana ng'ombe na ardhi. Lakini walijua kuuliza: “Umeona kwa macho, ao umesikia?”

Tatu, kila mara mtu akisimama mbele yetu na kuanza kusema juu ya mababu, tumuulize maswali matatu bila kelele. Umeanza kuhesabu kutoka mwaka gani, na kwa nini huo? Mlipofika mliwakuta nani? Na mwisho: unataka nini, ukweli ujulikane, ao jirani aondoke? Kama jibu la swali la tatu ni “aondoke”, basi hata kama kila neno alilosema juu ya zamani ni la kweli, tumejua amekuja kutafuta nini.

Kupigania inchi iliyovamiwa ni haki. Kudai mipaka iheshimiwe ni haki. Kumshitaki muuaji, awe wa kabila lolote, ni haki na ni wajibu wa walio hai kwa waliokufa. Kwa mambo hayo yote hatuhitaji kuamini ya kwamba tuliota hapa kabla ya watu wote. Tunahitaji sheria, ushahidi, na moyo mgumu wa kukataa kumlipisha mtu deni ambalo si lake.

Basi, wandugu, tuendelee kusimulia. Wazee wanakwisha, na kila anayekwenda anakwenda na kitabu kizima. Tukaandike maneno yao sasa, wakiwa bado hai. Ila tukikaa nao na daftari, tusiwaulize tu: “Tulifika lini?” Tuwaulize na hili: “Tulipofika, nani alitupokea, na tulimpa nini?” Na jibu lao tuliandike lote.